Mama Umeambiwaje: Maisha ya Tecla Niragira, 1957–2024

Marehemu Tecla Niragira alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika kata ya Keza, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa wa Mzee Ndayisaba na Mama Francisca. Kitambulisho chake kinasema 1960. Alikwenda mara tatu kurekebisha, na mara zote tatu akaambiwa mtandao uko chini. Mara ya mwisho alimwambia karani, "Sawa mwanangu, huo mwaka wa kwenye kompyuta ubaki nao wewe, mimi nitazeeka kwa huu wangu." Familia inausoma huu wake.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Nyumbani kwao walisema Kihangaza. Kiswahili alikikuta darasani, akakikalia macho mpaka kikamzoea. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa na desturi ya kufunga kila kipindi kwa kuuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Siku moja ya mwaka 1969 sauti moja ikasema, "Hapana, mwalimu." Tecla akachapwa viboko viwili kwa utovu wa nidhamu. Kisha mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akarudia somo tangu mwanzo, na wenzake arobaini na mmoja wakaelewa hesabu za sehemu kwa viboko vya mtu mwingine. Marehemu alipokisimulia kisa hiki hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba "umeelewa?" halijawahi kuwa swali. Ni kama shikamoo, lina jibu moja.

Mwaka 1977 kijana mmoja wa Nyarubungo, wilayani Biharamulo, Danstan Nshoma, alifika Keza kutafuta machipukizi ya migomba. Migomba aliipata siku ya kwanza, lakini alikaa wiki nzima. Alipopata ujasiri wa kusema na Tecla alizungumza karibu nusu saa, juu ya shamba, ng'ombe wawili na nia yake njema. Tecla alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa na mimi nikuambie ninachotaka, halafu urudie."

Alitaka mambo matatu. Danstan alirudia mawili. Alirudi kwao na migomba yake, na baada ya wiki mbili akaja tena, safari hii ana yote matatu. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 23 Septemba 1978. Mzee Danstan hajawahi kuwatajia watoto wake lile jambo la tatu, na leo si siku ya kumlazimisha.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa Auleria, aliyezaliwa Mei 1980. Machi 1983 alishikwa na malaria. Mama yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, akapewa dawa ya maji katika chupa, akaambiwa: mpe baada ya chakula, asubuhi na jioni, umeelewa? Akajibu ndiyo. Nyumbani mtoto akakataa uji. Akakataa ndizi. Akakataa hata maziwa. Kwa kuwa hakula, hakupewa dawa, maana dawa ilikuwa ya baada ya chakula, na Tecla alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa. Auleria alifariki siku ya tatu, tarehe 11 Machi. Chupa ilikuwa bado imejaa.

Mganga wa zahanati alisema maneno sahihi na mama aliyatii kama yalivyo. Watu wengi walikuja kumwambia Tecla kwamba ni mapenzi ya Mungu. Aliwakaribisha, akawapa chai, na wakishamaliza chai aliwauliza kama Mungu ndiye aliyesema baada ya chakula.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa kuwa mhudumu wa usafi katika zahanati moja ya Biharamulo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja hadi alipostaafu mwaka 2017. Alikabidhiwa fagio, ndoo, dekio na mlango wa kutokea. Ule mlango haukuwa kwenye barua ya ajira, aliuongeza mwenyewe. Kila mgonjwa aliyetoka dirisha la dawa alimkuta Tecla amesimama hapo na dekio lake, akimwuliza neno moja, "Umeambiwaje?" Aliuliza kwa Kihangaza, Kisubi, Kizinza, Kirundi au Kiswahili, kulingana na aliyesimama mbele yake. Aliyeweza kueleza alipita. Aliyeshindwa aligeuzwa kwa mkono laini begani, akarudishwa mwanzo wa foleni, huku foleni ikinung'unika.

Kisa ambacho Nyarubungo yote inakijua ni cha mwaka 2004, na mwenyewe yupo hapa. Mzee Ansbert, kaka mkubwa wa Mzee Danstan, alikuwa anaumwa macho. Alitoka dirishani na kichupa kidogo mfukoni.

"Shemeji, umeambiwaje?"

"Nimeambiwa vizuri tu."

"Vizuri vipi?"

"Matone mawili, asubuhi na jioni. Nipishe, baiskeli yangu iko juani."

"Matone mawili wapi?"

Mzee Ansbert akamtazama kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Kwenye chai, shemeji. Kwani wewe dawa unaitia wapi?"

Tabibu wa zahanati wakati huo alikuwa Bwana Theonest, kijana mwenye haraka na mwandiko mbaya. Alitoka chumbani kwake akiwa amekasirika, maana foleni ilikuwa imefika kwenye ua, akamwita Tecla kwa jina la mwanawe.

"Mama Gidioni, wewe hapa ni wa fagio au wa dawa?"

"Wa mlango, daktari."

"Mlango unafunga kazi yangu!"

"Muulize huyu mzee macho yake yako wapi, halafu nitaufungua."

Theonest aliuliza, akajibiwa, akarudi ndani. Kesho yake aliweka kigoda kando ya dirisha la dawa, akamwambia muuguzi kwamba kuanzia leo hakuna mgonjwa anayeondoka hapo kabla hajaeleza kwa mdomo wake mwenyewe dawa yake ni ya nini na ataitumiaje. Mwanzoni foleni ilikuwa ndefu. Baada ya miezi mitatu ikawa fupi kuliko zamani, kwa sababu watu waliacha kurudi wiki iliyofuata wakiwa na ugonjwa uleule. Bwana Theonest alikiri hilo hadharani mbele ya wagonjwa. Kwa mtumishi wa umma si jambo dogo.

Mwaka 2010 akahamishwa. Mwenzake aliyekuja alikitazama kigoda, akauliza ni cha nani, akakipeleka nyumbani kukalia wakati wa kuota moto. Basi. Miaka sita ya kazi ikaondoka kwenye baiskeli mchana kweupe. Jioni ile marehemu alimwambia mumewe maneno ambayo yaliongoza maisha yake yote yaliyobaki: "Wamemhamisha Theonest na utaratibu wote umekwenda naye. Mimi nataka kitu kisichopata uhamisho. Nataka sheria."

Alichukua daftari la shule la binti yake Teddy, akachana karatasi ya katikati, akaandika mambo matatu. Kwamba mgonjwa aambiwe ugonjwa wake yeye mwenyewe, kwa lugha anayoijua, kabla ya ndugu zake. Kwamba asiondoke na dawa kabla hajarudia kwa maneno yake jinsi ya kuitumia. Na kwamba tangazo lolote la afya, kabla ya kubandikwa ukutani, lisomwe na watu kumi sokoni, na wakishindwa kulieleza, liandikwe upya kwa gharama ya aliyeliandika. Aliyapeleka kwenye kikao cha kata mwaka 2011 na halmashauri mwaka 2012, akiomba iwe sheria ndogo. Familia haitaji ni halmashauri ipi, kwa agizo la marehemu mwenyewe, aliyedai kwamba zote alizozijua hujibu kwa barua ileile. Barua hiyo husema wazo ni zuri na litafanyiwa kazi. Ameacha saba, ziko kwenye kopo la maziwa ya unga pale kabatini.

Ni haki kusema kwamba halmashauri haikukaa bure. Mwaka 2015 ilifanya semina ya siku mbili na kugawa fulana. Baadaye yakaja mabango yaliyoandikwa ZINGATIA UFUASI STAHIKI WA TIBA KWA USTAWI ENDELEVU. Marehemu aliomba moja, akalikunja, akapanda gari hadi Lusahunga siku ya soko. Alilitandika chini kati ya mafungu ya nyanya na watu wanaosubiri malori ya Rusumo, akamwuliza kila aliyepita.

"Bibi, hapa wanatuambia nini?"

"Ni kanisa jipya hilo," alisema muuza nyanya. "Ila hawajaandika ibada ni saa ngapi."

Dereva mmoja wa lori alisoma kwa sauti mara mbili, akatikisa kichwa. "Mama, mimi nimefika Kigali, nimefika Bujumbura, hapa sijawahi kufika."

Watu kumi walisoma, na hakuna hata mmoja aliyetaja dawa. Marehemu aliandika majibu yote kumi nyuma ya bango lenyewe, akalirudisha kwa mwenye ofisi.

Hilo ndilo lililompatia mwaliko. Novemba 2019 aliitwa mbele ya kamati ya huduma za jamii ya halmashauri. Afisa aliyehusika na elimu ya afya, Bwana Projestus, aliwasilisha mada kwa dakika arobaini, na hitimisho lake lilikuwa kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi. Aliuliza, "Waheshimiwa, tumeelewana?" Waheshimiwa wakasema ndiyo. Kisha Tecla akapewa dakika tano, kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Alisimama, akawaamkia, akasema, "Waheshimiwa madiwani, mmeambiwaje?"

Madiwani wakatazama karatasi zao.

"Siulizi mmeelewa. Nauliza mmeambiwaje. Mmoja tu anieleze."

Mmoja wa nyuma kabisa, mtu mkweli, akasema, "Mama, mimi nilichokishika ni kwamba chai ipo."

Walicheka wote, na Bwana Projestus naye akacheka. Yupo hapa leo, na familia inamshukuru kwa kufika. Siku hiyo kamati iliazimia kwamba sheria ndogo iandikwe. Rasimu ikapelekwa kwa mwanasheria, na huko imekaa tangu Novemba 2019. Mara mbili iliwekwa kwenye ajenda ya baraza la madiwani, na mara mbili muda haukutosha. Kila ilipoondolewa marehemu alipanda gari, akaenda kuuliza, akajibiwa kwamba iko kwenye hatua nzuri. Alisema hajawahi kuona kitu kinachokaa kwenye hatua moja muda mrefu hivyo isipokuwa sanamu.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa wake, na hapa kuna jambo la kueleza. Jumatano iliyopita ukoo ulikaa kupanga mazishi. Mzee Ansbert alishauri, kwa nia njema kabisa, paandikwe "baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Baba mkubwa," alisema Teddy, binti wa marehemu, "miezi ishirini na moja ni muda mfupi?"

"Basi andikeni mrefu."

"Kuugua nini?"

"Kuugua tu! Watu wanajua kuugua. Mnataka kumvua nguo shemeji yangu mbele ya kaburi?"

Teddy akaleta daftari. Marehemu alikuwa ameiandika aya inayofuata kwa mkono wake mwezi Aprili, akaagiza isomwe na mwanawe Gidioni na si mtu mwingine. Mzee Ansbert aliisoma polepole, kwa macho yale aliyookolewa mlangoni. Alipomaliza alilikunja daftari. Kisha akasema, "Someni. Mimi nitakaa mbele, anayetaka kucheka acheke akinitazama."

Aya yenyewe ni hii, na anayeisoma ni Gidioni.

Mwezi Oktoba 2022 Tecla alianza kutokwa na damu, miaka kumi na mitano tangu aache kuona siku zake. Mwanamke aliyeacha kuona siku zake akiona damu, hata tone, aende kupimwa siku hiyohiyo. Yeye alichelewa miezi mitatu, kwa aibu, ingawa alikuwa amewauliza watu mlangoni kwa miaka thelathini na moja. Alipochukuliwa kipimo hospitalini, majibu yalitoka Machi 2023. Daktari alimwacha mgonjwa kitandani, akamwita Gidioni kwenye korido. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku, na tunauita upendo. Gidioni aliambiwa kwamba mama ana saratani ya shingo ya kizazi na aanze mionzi haraka. Alirudi kitandani akamwambia mama ni maambukizi ya kawaida. Halafu akawapigia simu baba zake wadogo na wakubwa, na mkutano wa kuamua kama mama anaweza kuhimili jina la ugonjwa wake ukachukua wiki tisa. Wiki hizo tisa mama alimeza vidonge vya maambukizi na kuchemsha mchaichai. Mei, akiwa anamenya ndizi, aliinua macho akasema, "Gidioni, umeambiwaje?" Gidioni alikuwa amelisikia swali hilo tangu utotoni na hakujua namna ya kulidanganya. Akasema yote. Mama akamaliza kumenya ndizi. Akasema, "Usilie, andika. Wiki tisa. Sitaki mtu mwingine azilipe."

Mwisho wa aya ya marehemu.

Alipata mionzi kuanzia Juni 2023. Hakuna daktari aliyeweza kusema zile wiki tisa zilibadili nini, na marehemu hakumruhusu mtu yeyote kumlaumu mwanawe, wala kuziacha zisahauliwe. Huko hospitali ya kanda alikutana na daktari kijana aliyeanza kumweleza kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kidogo. Alimsimamisha, akampa kalamu, akamwomba amchoree. Daktari alichora kizazi, akaonyesha ugonjwa ulipo na ulipofika. Tecla akarudia yote bila kukosea. Kisha akasema, "Sasa ni zamu yangu, na wewe utarudia. Nikizidiwa, nirudishwe Nyarubungo. Nipewe dawa ya maumivu, isiwe ya kuhesabiwa kama peremende. Na asiitwe mtu yeyote kwenye korido." Daktari akarudia yote matatu. Mzee Danstan, aliyekuwa kando, alimwambia kijana huyo kwamba mwaka 1977 yeye alishindwa moja.

Mionzi ilimpa mwaka mmoja, na aliutumia. Aliongoza wanawake sitini na wanne wa Nyarubungo kwenda kupimwa, akikaa nje kwenye benchi na mto wake wa kukalia, na kila aliyetoka alijua kitakachomkuta. Watatu walikutwa na dalili za mwanzo, wakatibiwa, na wote watatu wamepika chakula cha leo.

Tecla Niragira alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Jina hilo limechapishwa kwenye ratiba mliyoishika, kwa herufi kubwa kuliko jina la mpiga kinanda. Si laana, si aibu, na si siri ya ukoo. Kipimo chake huchukua dakika chache, na wasichana wana chanjo yake. Mgonjwa wake ana haki ya kulisikia yeye kwanza.

Ameacha mume, Mzee Danstan Nshoma. Ameacha watoto watatu, Gidioni, Teddy na Adelfina, wajukuu saba, na shemeji mmoja mwenye macho mazuri. Ameacha pia rasimu moja. Familia imethibitisha kwamba rasimu hiyo imo katika ajenda ya baraza la madiwani la Alhamisi, tarehe 22 Agosti, saa tatu asubuhi. Ni namba tisa, ambako muda huwa hautoshi. Kikao ni cha wazi na mwananchi yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma. Gari mbili zitaondoka hapa Nyarubungo saa kumi na mbili asubuhi, na wale watatu wa jikoni wameshachukua viti vya mbele. Muda usipotosha, tutakaa hapohapo mpaka utoshe. Tumezoea foleni.

Hapa msomaji atasimama, kama alivyoagizwa. Hatauliza kama mmeelewa. Atauliza, "Mmeambiwaje?" na atangoja. Jeneza halitashushwa mpaka mtu mmoja asimame, aseme kwa mdomo wake jina la ugonjwa, nani aambiwe kwanza, na tarehe ya kikao. Familia haimchagui mtu huyo, ingawa Bwana Projestus amekaa karibu.

Tecla Niragira apumzike kwa amani, akishajibiwa.